Pundamilia waliovaa kanga: niliyoongea Njiro Jumamosi kuhusu rangi zinazoachana kwenye lenzi za VR

Jumamosi mvua iliwazuia wengi, na meseji za "kaka tuwekee hiyo kitu" zimekuwa nyingi, basi naweka yote hapa kama nilivyoongea. Nimetoa zile sehemu nilizokuwa naonyesha picha ukutani, na maswali mawili ya watu nimeyaacha palepale yalipoulizwa.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, ndugu zangu wa Chuga, mambo vipi. Na nyie mliotoka Moshi alfajiri poleni na barabara, najua mvua ya leo haikumhurumia mtu.

Naomba nianze na bibi yangu. Anajua namtaja leo, ameniambia nisiongeze chumvi.

Tulirekodi pundamilia kule Ngorongoro, video ya kuzunguka digrii 360, kazi ya kampuni moja ya utalii hapahapa mjini, walitaka mgeni akae ofisini avae hedseti ya VR, ile miwani yenye skrini na lenzi inayofunika macho, aone wanyama kabla hajatoa hela. Mimi na wenzangu wawili tukaikata, tukaipanga, tukaitazama miezi miwili mpaka tunajua kila punda kwa sura. Nikaenda nayo Machame nikamvalisha bibi, yuko kwenye kigoda chake pale kibarazani. Akatulia. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu punda mmemvalisha kanga?"

Nikacheka. Akaniambia usicheke, hapa katikati ni punda wa kawaida, mweupe na mweusi, lakini kule pembeni ana pindo, mstari mweupe una bluu upande huu na wekundu upande ule.

Jamani! Miezi miwili! Watu watatu wenye macho ya ujana! Na kilichotushinda kukiona amekiona bibi kwa dakika moja, tena amekipa jina. Kanga ina mji na ina pindo. Picha ya hedseti nayo ina mji katikati na pindo pembeni, na rangi zinaharibikia kwenye pindo. Tangu siku ile kwetu kazini hatutumii tena lile neno refu la kitaalamu, tunasema tu "pindo limetoka", na leo nitaongea hivyohivyo.

Sasa niwaambie nilivyofanya baada ya hapo ili msirudie. Kwanza nikalaumu kamera. Halafu nikalaumu skrini ya simu, maana hedseti yetu ilikuwa ile ya kuchomeka simu mbele, ndugu wa yale maboksi ya karatasi ngumu ambayo Google walianza nayo 2014. Nikaenda duka moja hapa mjini, kijana wa duka akaniapia kwamba simu hii skrini yake rangi haziachani kabisa. Nikanunua, kwa hela ambayo haikuwa ya kununulia simu. Nikachomeka. Pindo likatoka vilevile, tena sasa linaonekana vizuri zaidi maana skrini mpya ilikuwa kali!

Nani humu ndani ana hedseti nyumbani? Wanne, watano, sawa. Leo ukifika nyumbani fanya hivi. Kama ni ya simu, chomoa simu itazame kwa macho makavu bila lenzi. Mstari mweupe ni mweupe? Basi simu haina kosa, muache kuilaumu. Halafu vaa, tazama kitu kimoja chenye ukingo mkali, punda, mistari ya zebra ya barabarani, maandishi, chochote, kiweke katikati kisha geuza shingo polepole mpaka kifike pembeni. Kama rangi zinatokea kikifika pembeni na zinapotea kikirudi katikati, hilo ni pindo la lenzi, linatembea na kichwa chako. Kama rangi zimemganda yule mnyama hata akiwa katikati, hilo ni la kamera iliyorekodi, na dawa yake ni nyingine kabisa. Ningejua hilo wakati ule ningebaki na hela yangu.

Haya, rangi zinatoka wapi? Bluu ya ziada mimi sijaiweka, kamera haijaiweka, skrini haina. Imetoka ndani ya nyeupe yenyewe. Mwaka 1672 Isaac Newton aliwaandikia barua watu wa Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, akaeleza alivyofunga madirisha chumba kikawa giza, akaacha katundu kadogo, jua likaingia likapita kwenye kipande cha kioo cha pembe tatu, likatoka limetandazwa ukutani rangi zote. Sisi wa chini ya Mlima Meru upinde wa mvua tunauona kila masika, hatushtuki. Yeye swali lake lilikuwa lingine, je, kioo ndicho kinachopaka rangi, au rangi zilikuwemo tangu mwanzo? Akachukua rangi moja tu kati ya zile akaipitisha kwenye kioo cha pili. Ikatoka ileile, haikuzaa nyingine. Kumbe zilikuwemo, kioo kimezitenganisha tu kwa sababu hakizikunji sawa.

Na hakizikunji sawa kwa kiasi gani? Chukua kioo cha kawaida cha kutengenezea lenzi, wataalamu wanakiita BK7. Namba yake ya kukunja mwanga mwekundu ni 1.514, mwanga wa bluu ni 1.522. Tofauti 0.008. Namuona mzee wangu hapo mbele ananitazama kama anasema yaani hiyo sifuri sifuri nane ndiyo umetuitia kwenye mvua? (Watu wakacheka, na mzee akakubali kwamba ndicho alichokuwa anawaza.)

Twende polepole mzee wangu. Lenzi nyingi za hedseti ni plastiki ya akriliki. Kwenye akriliki, ambako tofauti nayo ni ndogo vilevile, ukipiga hesabu ya mkono, picha ya bluu inakuzwa kuliko picha ya nyekundu kwa kama asilimia 1.7. Katikati kabisa, asilimia 1.7 ya sifuri ni sifuri, ndiyo maana mji wa kanga ni safi. Ukienda pembeni, digrii 45 kutoka katikati, ile asilimia inakuwa karibu nusu digrii. Nusu digrii ni nini? Toka nje usiku mwezi ukiwa mpevu uutazame, upana wake wote ni nusu digrii. Yaani bluu na nyekundu zimeachana kwa upana wa mwezi mzima! Kwa hedseti yenye pikseli, vile vitone vinavyounda picha, 20 kila digrii, hizo ni pikseli 10. Sasa niambie mtu atasoma maandishi ambayo kila herufi iko mara mbili, ya bluu hapa na nyekundu pikseli 10 pembeni?

Sifuri sifuri nane, mzee wangu.

Mtu ataniuliza, mbona kamera zina lenzi na hazina shida hiyo? Zinayo, ila zimetibiwa, na tiba hiyo wengine tumeishi nayo nyumbani bila kujua. Mjomba wangu alikuwa broka wa mawe, tanzanaiti, miaka ile mawe yalikuwa yanauzwa Arusha mjini mtu ameyafunga kwenye kikaratasi mfukoni. Alikuwa na vilenzi viwili vya kukagulia. Kimoja cha bei rahisi ambacho alimwazima yeyote, kingine kiko mfuko wa ndani, hata mke wake hakukigusa. Nikamuuliza, mjomba, vyote si vinakuza mara 10? Akanipa jiwe nilitazame kwa kile kibovu. Kila kona ya jiwe ina mshipa wa rangi. Akaniuliza, "Hiyo zambarau ya kingoni ni ya jiwe au ya kioo?" Sikuweza kujibu. Akasema nayeye hakuweza, siku moja, na siku hiyo alikula hasara.

Kile cha mfukoni ndani yake kulikuwa na vioo vitatu vimegandishwa vikawa kimoja, cha katikati aina moja, vya pembeni aina nyingine. Ujanja uko hapo. Kuna kioo kinachotawanya rangi kidogo na kuna kioo kizito kinachozitawanya sana. Ukichonga kimoja kikunje mwanga kwenda ndani, cha pili kikaurudisha nje kidogo, unaweza kupanga ile mitawanyiko miwili ikamezana ilhali ukuzaji umebaki. Rangi mbili unazikutanisha mahali pamoja.

Aliyeligundua hilo hakuwa hata fundi vioo. Ni mwanasheria Mwingereza, Chester Moore Hall, miaka ya 1729 mpaka 1733 hivi. Na alikuwa msiri kuliko mjomba wangu! Hadithi inavyosimuliwa, ili mtu asijue, alipeleka kioo kimoja kichongwe kwa fundi wa kwanza na cha pili kwa fundi mwingine kabisa. Wale mafundi wawili walikuwa na kazi nyingi, nyie mnajua mafundi, kila mmoja akampa kazi hiyo fundi wa chini. Na wote wawili, bila kujuana, wakampa mtu yuleyule, George Bass. Bass kakaa kwenye benchi lake anaona kioo hiki na hiki, mteja mmoja, vipimo vinalingana mgongo kwa mgongo. Akavishikanisha. Siri ikaisha. Baadaye habari ikamfikia John Dollond, akaitengeneza vizuri na mwaka 1758 akapewa hataza. Mwanasheria mwenyewe hakuwahi kuchukua hataza ya kitu chake. Mwanasheria!

Sasa kwa nini wasiweke vioo hivyo viwili vitatu kwenye hedseti wakamaliza? Kwa sababu kilenzi cha mjomba kinakaa mfukoni na hiki kinakaa usoni. Hedseti ya Quest 2 tu, yenye lenzi za plastiki, ina kama gramu 500, nusu kilo ya sukari umeining'iniza mbele ya pua. Lenzi ya hedseti ni pana, ongeza kioo kizito kila jicho shingo itakwambia. Ndiyo maana kizazi cha 2016, HTC Vive na Oculus Rift, walichonga lenzi kwa miduara miduara kama taa za minara ya baharini, ujanja wa Mfaransa Augustin Fresnel wa miaka ya 1820. Lenzi ikawa nyembamba na nyepesi, lakini rangi zikaendelea kuachana kama kawaida, na ile miduara ikaleta miale yake ya ovyo juu.

Basi wakahamia kwenye programu, na hapa ndipo penye kazi yetu sisi tusio na kiwanda cha vioo.

Mama yangu ni fundi cherehani Kaloleni. Koti lina kitambaa cha nje na lina bitana. Kuna vitambaa vinarudi vikifuliwa, na shida ni kwamba havirudi sawa, cha nje kinarudi sana bitana kinarudi kidogo. Fundi mpya anakata vyote kipimo kimoja, koti linapendeza siku ya kwanza, likifuliwa linakunjamana kama uso wa mtu aliyeonjeshwa ukwaju. Mama anakata kila kitambaa kwa upungufu wake. Likiwa mezani linaonekana limekosewa, bitana haikai, mteja akilichungulia pale anaanza kugomba. Mama anamwambia kalifue kwanza ndipo uje kugomba.

Skrini ni hivyohivyo. Pikseli moja ni shanga tatu zilizobanana, nyekundu, kijani na bluu. Tunajua lenzi itaivuta bluu kwenda nje kuliko kijani, na nyekundu itaivuta pungufu. Basi kabla mwanga haujatoka kwenye skrini tunaichora picha ya bluu ndogo kidogo na ya nyekundu kubwa kidogo, kijani tunaiacha ndiyo kipimo. Zikipita kwenye lenzi zinakutana. Samaki mkunje angali mbichi! Mwanga ukishatoka kwenye skrini umeshakauka huo, huukunji tena.

Na skrini ikiwa imerekebishwa inaonekana mbaya kweli. Nilipopeleka toleo jipya kwa wale wa utalii, bosi wao hakuvaa, alitazama kwenye skrini, akaona punda ana pindo jekundu upande wa nje na bluu upande wa ndani, kinyume kabisa cha lile la bibi, akasema mmeharibu zaidi. Nikamjibu kama mama, bosi vaa kwanza.

Nataka niwaambie tulivyopima maana hiki mnaweza kufanya leo. Tulichora misalaba midogo myeupe kwenye giza, imesambaa kuanzia mji mpaka pindo. Tukawasha nyekundu na kijani tu. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja jicho linaona njano, si ndiyo? Basi msalaba ukiwa wa njano tupu umepatia, ukiona mguu mwekundu na mguu wa kijani bado. Unaongeza ukubwa wa picha ya nyekundu kidogo kidogo mpaka misalaba iwe njano hadi kwenye pindo. Halafu unazima nyekundu unawasha bluu na kijani, hapo unatafuta ile rangi ya maji ya bahari ya kina kifupi, Pwani mnaijua. Na namba moja haitoshi, kwa kila rangi tulihitaji namba mbili, moja ya ukuzaji wa jumla na moja inayozidi kadiri unavyoenda nje, maana lenzi kule pembeni ina tabia zake. Kwetu bluu ilipungua kwa asilimia 1 na ushee, nyekundu ikaongezeka chini ya asilimia 1. Ndogo eeh? Zile pikseli 10 zimetoka humo.

Siku ya kwanza niligeuza alama, badala ya kuipunguza bluu nikaikuza. Nikavaa, pindo likawa mara mbili, ule upana wa mwezi mmoja wa angani umekuwa wa miezi miwili, mwenzangu akavaa akavua akasema bro mimi kichwa kinauma naenda kula. Kumbe na hiyo ni habari njema, ukiona limekuwa mara mbili jua hesabu yako iko sawa umekosea njia tu.

Gharama yake ni kwamba zamani kila pikseli unasoma picha mara moja, sasa unasoma mara tatu, kila rangi sehemu yake. Simu yetu ilikuwa inapata moto kama pasi. Tukapunguza ukubwa wa video, tukaendelea.

(Hapa dada mmoja aliuliza, kama programu inaweza yote hayo, kwa nini kampuni kubwa bado zinahangaika na lenzi?)

Dada yangu, swali hilo ndilo lililonileta. Programu inarudisha kilichosogea. Kilichochanganyika hairudishi. Mtu akikupangia maharage na mchele ukasukumwa pembeni, unaurudisha. Akikumwagia maziwa kwenye chai, utayatoaje? Maji yakimwagika hayazoleki.

Bluu ya skrini huwa si bluu moja, ni familia, imetanda makumi ya nanomita (kipimo kidogo mno cha kupimia rangi za mwanga), na lenzi inawatenganisha hata wenyewe kwa wenyewe. Kwa programu hiyo shanga ni moja tu, huwezi kumwambia ndugu huyu nenda kushoto na ndugu yake abaki. Ukiwa pembeni kabisa msalaba wako wa njano utakutana vizuri lakini utakuwa na ukungu, na huo ukungu hakuna namba itakayouondoa. Halafu kuna kosa la pili, rangi hazitofautiani tu ukubwa, zinatofautiana na umbali ambapo picha inakaa kali. Kijani ikiwa kali bluu iko nje kidogo ya fokasi. Hilo huwezi kulichora kwenye skrini kwa sababu skrini ni moja na iko mahali pamoja. Mimi nimekutana na vijana wanakesha wanaongeza namba ya tatu, ya nne, ya tano, wanapigana na ukungu ambao haukuwahi kuwa wa kusogeza. Wamepoteza usiku wao bure, nasema hivyo kwa upendo maana hata mimi nilikesha.

Ndiyo maana lenzi zenyewe zimebadilika. Newton alipokata tamaa na vioo, aliamini rangi hazitibiki, mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia. Kwa nini? Kwa sababu kinachoakisi hakitenganishi rangi, nyekundu na bluu zinaruka pembe ileile. Alikosea kuhusu vioo, Hall na Dollond wakamuumbua, lakini kuhusu kioo cha kujitazamia alikuwa sahihi, na miaka 350 baadaye ujanja wake umerudi kwenye hedseti. Quest 3 ya 2023, Vision Pro ya Apple ya 2024, zina lenzi ambazo mwanga unaingia, unagonga kioo nusu, unarudi nyuma, unarudi tena mbele, umekunjwa kama chapati, na sehemu kubwa ya ukuzaji inafanywa na kule kuakisi. Hedseti inakuwa nyembamba na rangi zinaachana kidogo. Bei yake ni mwanga. Kioo nusu kinapitisha nusu, mwanga ukirudi kinaakisi nusu, nusu ya nusu ni robo. Robo, na hiyo ni kama mengine yote yako sawa kabisa. Skrini inabidi iwake kwa nguvu, betri inalia. Programu ya kurekebisha rangi bado ipo humo, ila ina kazi ndogo.

Kuhusu miwani ya AR, ile ambayo unaona Kibo halisi na juu yake unaandikiwa jina la kilele, niseme kidogo tu. Mle wengi wanatumia kioo chenye mifereji midogo kuliko unywele, mnazikumbuka CD za bongofleva, ukiigeuza juani inatoa rangi? Ndiyo hiyo. Na mifereji ina kituko, inaikunja nyekundu kuliko bluu, kinyume cha kioo! Wenye hesabu wanajua namba ya Abbe, ikiwa ndogo rangi zinaachana sana, akriliki ni kama 57, polikaboneti 30, na mifereji ni hasi, karibu −3.45. Kwa kuwa ni kinyume, ukichora mifereji hafifu juu ya lenzi ya plastiki vinatibiana, lenzi moja nyepesi inafanya kazi ya vioo viwili vya Dollond. Kwenye miwani yenyewe lakini kila rangi inaenda njia yake, ndiyo maana Magic Leap One ya 2018 ilipanga vioo sita kila jicho, rangi tatu kwa umbali wa aina mbili. Harvard nao mwaka 2018 walionyesha lenzi bapa ya vinguzo vidogo mno inayokusanya rangi zote zinazoonekana mahali pamoja, ila kutoka kadude kadogo ka maabara kuja upana wa jicho ni safari.

Nirudi kwa bibi maana hatujamalizana.

Nilirudi Machame na toleo jipya, kifua mbele. Bibi akavaa, akageuza shingo kushoto, kulia. Akasema sasa huyu ni punda. Nikapumua. Halafu akanyamaza, nikaona kichwa hakisogei kabisa lakini anatabasamu. Akasema, "Kanga bado unayo, umeificha tu." Nikamuuliza bibi unaiona wapi? "Nisipogeuza shingo. Nikigeuza macho peke yake."

Nani kati yenu, wakati anapima, aligeuza macho peke yake? Mimi nilipima jicho likiwa limetazama mbele, mboni iko katikati ya lenzi, namba zangu zote zinadhani mboni iko hapo. Jicho linazunguka kwenye kitovu kilicho kama milimita 10 nyuma ya mboni. Ukitazama pembeni digrii 20 mboni inahama milimita 3 na ushee, mwanga unapita sehemu nyingine ya lenzi na hesabu yangu imekuwa ya mtu mwingine. Bibi yangu ana shingo ngumu, miaka yote anatazama kwa macho, ndiyo maana aliona. Hedseti zinazofuatilia jicho zinaweza kubadilisha namba kadiri mboni inavyohama. Zisizofuatilia, kama yetu, unachagua, unampendelea anayegeuza shingo au anayegeuza macho? Tulichukua katikati, kila mmoja akapata pindo jembamba.

(Fundi miwani kutoka Moshi akasimama akauliza, na mwenye miwani yake ya macho je?)

Shikamoo mzee, hapo umenishika. Jicho lenyewe lina kosa hilihili, bluu na nyekundu hazikai fokasi moja ndani ya jicho, zinapishana kama dayopta 2, kile kipimo cha nguvu ya lenzi, kutoka mwisho huu wa rangi hadi ule, ubongo umezoea tangu utotoni hausemi kitu. Lakini miwani ya polikaboneti, ile isiyovunjika mnayowapa watoto, inatawanya rangi karibu mara mbili ya akriliki, na programu yangu haijui kama umeivaa. Nguvu ya lenzi ikiwa kubwa utaona pindo pembeni hata nikipatia kila kitu. Kwa hiyo mteja akija kwako analalamika hedseti, mvulishe miwani kwanza atazame, pindo likibadilika tuongee wewe na mimi, ukiwa na lenzi za plastiki ya kawaida za kujaribia ningependa tupime pamoja.

Hedseti ziko mbili mezani pale, moja nimezima marekebisho na nyingine nimewasha, punda ni walewale. Bibi amesema anayevaa asigeuze shingo. Wazee watangulie, na mwenye miwani asivue, mzee fundi anawahesabu.